Kasoro Kwanza

Ngazi za jengo lao zilikuwa zimepigwa deki asubuhi ile, na Mama Kasuku, aliyekuwa akishuka kwenda kumwaga taka, aliteleza akatua chini mzima mzima, mguu mmoja umejikunja chini yake. Hakupiga kelele. Alikaa pale pale sakafuni, ndoo imelala ubavu, maganda ya viazi yametapakaa, na neno lake la kwanza mumewe alipomfikia halikuhusu maumivu.

"Leo Jumamosi," alisema. "Mzee ana mechi yake."

"Achana na mzee. Mguu unaukanyagia?"

"Ningeukanyagia ningekuwa nimekalia maganda?"

Mumewe alimpandisha juu kwa kumshika kiuno, wakipumzika kila baada ya ngazi chache. Walipofika chumbani kifundo kilikuwa kimeshaumuka kama unga uliotiwa hamira. Binti yao alitoa kwenye friji pakiti ya njegere zilizogandishwa, akaiweka juu ya mguu wa mama yake kwa umakini wa nesi.

Binti huyo walimwita Kasuku. Hawakuwa wamekaa sana katika nchi hii, lakini mtoto alikuwa ameshaimeza lugha ya wenyeji, na yeye ndiye aliyemsemea baba yake dukani, zahanatini na kwa mwenye nyumba. Baba naye alikuwa na jina lake la utani, Kengele, alilokuja nalo kutoka kwao. Kule alikuwa dalali wa mnadani. Aliuza ng'ombe, makabati na mashine za kusagia, na sauti yake ilisikika hadi upande wa pili wa soko. Huku ugenini alikuwa anaosha vyombo katika jiko la hoteli, na siku nyingine zilipita hajasema kitu zaidi ya "ndiyo" na "tayari".

Mama Kasuku alimtunza mzee kipofu aliyeishi peke yake mtaa wa pili. Kazi hiyo ndiyo iliyolipa pango. Ya Kengele ililipa mboga. Na kazi yenyewe ilikuwa inaning'inia. Binti wa yule mzee, daktari wa meno, alikuwa ameanza kuzungumzia nyumba ya kulelea wazee. "Nikikosa mtu wa kumtegemea," alisema wiki iliyopita huku akivaa glavu zake taratibu, kidole baada ya kidole, "sitakuwa na njia nyingine."

"Nitakwenda mimi," Kengele alisema.

"Wewe?" Mkewe alisahau mguu kidogo. "Utamwambia nini? Mzee hataki mtu wa kumkalisha tu. Anataka aambiwe kila kinachotokea uwanjani."

"Si watu wanagombania mpira?"

"Mpira gani, baba wewe! Kitu chenyewe kama papai. Na wanavyokigombania, utafikiri ndani yake kuna hati ya nyumba."

Walimpigia simu daktari wa meno, Kasuku akaishika simu katikati yao, sauti ikiwa imefunguliwa ili wote wasikie. Mama Kasuku alieleza kwa lugha yake ya kubabaisha habari ya ngazi na mguu. Sauti ya upande wa pili ikauliza jambo fupi.

"Anasema nini?" Kengele aliuliza.

Kasuku alikuwa bado hajafika umri wa kujua maneno ya kufichwa. "Anasema, 'Mumeo? Yule asiyesema?'"

Mama Kasuku alitazama njegere zake. Kengele alikohoa, akasema, "Mwambie ndiyo. Yule yule."

Yakafuata masharti. Mzee afunikwe blanketi magotini. Asivue kofia. Mvua ikianza, wapande chini ya paa. Daktari mwenyewe hatafika, ana wagonjwa. Lakini kila mtu katika chumba kile alijua kwamba leo mwanawe alikuwa anacheza mara ya kwanza na watu wazima, na kwamba hakuwa na moyo wa kutazama. Kisha sauti ikapungua, na Kasuku akaweka sikio karibu na simu.

"Anasema kuna kitu kimoja, baba, uelewe hicho tu hata kama vingine hukuelewa. Mwanawe akiumia, mzee asiambiwe. Moyo wake mbovu. Mwambie yuko sawa."

"Nimeelewa," alisema Kengele.

*

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, amevaa koti, skafu ya klabu imezungushwa shingoni mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Fimbo ilikuwa magotini. Kengele alipoingia, aliinua kidevu.

"Hizo si hatua za mkeo."

"Mke mguu," Kengele alisema. "Ngazi. Maji. Bum."

Mzee aliyatafakari maneno yale matano. "Pole yake. Na wewe ndiye mume asiyesema."

"Ndiyo."

"Basi leo tuna kazi, mimi na wewe."

Walitoka wameshikana mikono. Uwanja ulikuwa nyuma ya kituo cha treni, klabu ndogo ya raga ambayo hakuna redio iliyohangaika nayo. Mzee aliichezea ujana wake wote, namba kumi na tano, mtu wa mwisho nyuma, na jezi yenye namba hiyo ndiyo aliyokabidhiwa mjukuu wake wiki hii. Njiani alizungumza polepole, kama mtu anayejua kwamba anayemsikiliza anaokota maneno moja moja.

"Mkeo mwema. Supu yake nzuri. Lakini mechini hafai. Wakigongana anafumba macho. Namuuliza, kimetokea nini? Ananiambia, 'Mungu wangu.' Mechi nzima napewa Mungu wangu." Alisimama kwenye ukingo wa barabara, akasubiri avushwe. "Binti yangu ndiye mbaya zaidi. Yeye ananiambia, 'Wanaendelea vizuri, baba.' Tumefungwa mabao ya kutisha, wanaendelea vizuri. Wewe usiniambie vizuri wala vibaya. Niambie unachokiona. Maana yake nitaitafuta mwenyewe."

Kengele aliyashika karibu yote hayo, na yale ya mwisho aliyashika vizuri zaidi.

*

Walikaa safu ya mbele, kwenye benchi la mbao lenye unyevu. Palinukia majani yaliyokatwa na dawa ya kuchua misuli. Timu zilitoka mbio, moja ya kijani, nyingine nyeupe, na Kengele akashangaa kuona wanaume wa kila umbo: wafupi wanene wasio na shingo, warefu kama nguzo za umeme, na wengine wembamba ambao mtu angewadhania makarani. Mnadani angewagawa kwa makundi na kuwauza mbalimbali. Hapa walikuwa mali moja.

Filimbi ikalia.

"Sema," Mzee alisema.

"Watu," Kengele alisema. "Wengi. Wanakimbia."

"Hilo hata mimi nalisikia."

Kengele alihisi jasho chini ya kofia. Kwa lugha yake mwenyewe maneno yalikuwa yamejaa kinywani yakisukumana. Kwa lugha ya wenyeji alikuwa na yale tu aliyookota kazini, na kazini kwake ilikuwa jikoni. Alitazama uwanja, akatazama tena. Watu wa kijani wanane walikuwa wameinama, wamefungamana mabega, na weupe wanane hivyo hivyo, vichwa vikiingia kati ya vichwa.

"Sahani," alisema ghafla.

"Nini?"

"Wamepangwa. Kama sahani kwenye trei. Kichwa hapa, kichwa hapa, kichwa hapa. Sasa wanasukuma. Trei mbili zinasukumana! Sahani za kijani zinakwenda. Zinakwenda... Zimemwagika! Zote chini!"

Mzee alitoa sauti ambayo Kengele alidhani ni kikohozi. Ilikuwa kicheko.

"Skramu imeanguka," alisema. "Endelea. Upande gani ulianguka kwanza?"

"Kushoto. Mtu mnene. Sufuria kubwa."

Baada ya hapo jiko lote lilihamia uwanjani. Mpira uliotoka kwenye rundo la watu ulikuwa kijiko kilichopotea ndani ya beseni la povu, mikono yote inaupapasa. Mtu alipotokea nyuma ya mwenzake kwa kasi kuupokea, Kengele alipiga ukelele ule ule ambao wapishi hupigiana wakipita na chungu kinachochemka: "Nyuma yako! Nyuma yako! Moto!" Na Mzee, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuosha sahani, alielewa kila kitu, akainama mbele mikono imeshika fimbo.

Kitu kimoja kilimsumbua Kengele hadi akashindwa kuvumilia.

"Mzee. Hawa wanataka kwenda mbele. Kwa nini wanarusha nyuma?"

"Ndiyo sheria. Mpira haurushwi mbele kwa mkono. Ukitaka ufike mbele, uubebe."

"Ukishindwa kubeba?"

"Unampa aliye nyuma yako, yeye aubebe."

Kengele aliguna. Alimtazama mchezaji mmoja aliyekuwa ameangushwa, akiusukuma mpira kuelekea kwa wenzake kama mtu anayetoa mtoto dirishani. Mchezo huu ulikuwa na akili kuliko alivyoambiwa. Halafu akaona jambo jingine. Jitu la kijani, sikio limefungwa bandeji inayovuja damu, lilisimama mikono nyuma likikemewa na refa mfupi mwembamba.

"Mzee! Kabati linagombezwa na kijiko! Na kabati linasema ndiyo bwana, ndiyo bwana!"

Nyuma yao mtu alicheka kwa sauti. "Jamani, huyu anatangaza raga au anauza vyombo?" mwingine aliuliza, na safu nzima ikaangua kicheko. Kengele alijua kicheko cha aina hiyo. Alikuwa amekisikia dukani, Kasuku akimsemea. Akafunga mdomo.

Mzee aligeuka polepole, akauelekeza uso wake mahali sauti ilipotoka. "Wewe una macho mawili. Yatumie. Haya ni yangu leo, na sijakuazima." Kisha akamgusa Kengele kwa kiwiko. "Mpira uko wapi?"

Mpira ulikuwa juu. Weupe walikuwa wameupiga teke ukapanda, ukapanda, na chini yake, peke yake nyuma ya wenzake wote, alisimama kijana mwembamba mwenye namba kumi na tano mgongoni.

"Mtu wako," Kengele alisema. "Yuko peke yake. Anatazama juu. Mpira unashuka. Wawili wanakuja. Wanakuja kwa kasi. Haangalii wao, anaangalia mpira tu. Ameushika! Ame..."

Sauti ya kugongana ilifika hadi kwenye benchi. Kisha refa akapiga filimbi, na uwanja wote ukanyamaza.

Kijana alikuwa amelala ubavu kwenye matope. Mtu mwenye begi jekundu alikuwa anakimbia kumfuata. Kengele alifungua mdomo, na ndani ya mdomo akakuta maneno ya daktari wa meno yamekaa tayari. Yuko sawa. Maneno mawili, na yote alikuwa anayajua kuyatamka.

"Umenyamaza," Mzee alisema.

"Wanakunywa maji," alisema Kengele. Ilikuwa kweli. Weupe walikuwa wanakunywa maji.

Mkono wake ulitoka chini ya blanketi, ukatafuta, ukaushika wa Kengele. Ulikuwa baridi. "Mimi nimekaa uwanja huu umri wangu wote," alisema. "Najua watu wakinyamaza hivi wanatazama nini. Ni nani?"

Kengele alimfikiria mkewe na mguu wake juu ya mto. Aliifikiria pango. Lakini kilichokuja juu ya hayo yote kilikuwa sauti ya mjomba wake, aliyemfundisha udalali, siku ile alipomkuta amegeuza ng'ombe ili jicho lake bovu litazame ukutani. Taja kasoro kwanza, mjomba alimwambia mbele ya watu, akamzungusha yule ng'ombe kwa mkono wake mwenyewe. Mnunuzi akija kuiona peke yake, hatakusikiliza tena hata siku unayouza dhahabu. Na tangu siku hiyo Kengele hakuwahi kufungua mnada bila kuanza na ufa, kutu au kilema.

"Namba kumi na tano," alisema. "Wako. Yuko chini."

Vidole vya Mzee vilikaza. "Shingo?"

"Ngoja." Kengele alisimama kabisa, akatazama kama alivyokuwa akitazama mali kabla ya kuipandia jukwaani, toka kichwani hadi kwato. "Kichwa kinageuka. Huku, na huku. Miguu inapiga chini, yote miwili. Mkono wa kulia unashika nyasi. Bega la kushoto..." Alitafuta neno. "Rafu. Rafu ya ukutani, msumari umetoka upande mmoja. Imeshuka."

"Bega limechomoka."

"Uso unauma. Anasema maneno. Kwa mtu wa begi."

"Maneno gani?"

Kengele alisikiliza. Hayo aliyajua, jikoni yalisemwa kila siku. "Anatukana, Mzee. Anatukana sana."

Mzee alitoa pumzi ndefu, na mkono wake ukalegea. "Basi mzima," alisema. "La kwangu lilichomoka hapo hapo, karibu na goli lile lile. Mbavu nazo zilifuata mwaka uliofuata." Alikuwa anatabasamu, lakini machozi yalikuwa yanashuka kwenye mashavu, na hakuyafuta. "Asante. Mwambie... hapana, usimwambie kitu. Sema, wanamtoa vipi?"

"Anatembea. Anakataa kushikwa."

"Watu wanampigia makofi?"

"Wote. Na weupe."

Mvua ilianza kabla ya mwisho. Kengele alisema wapande chini ya paa, Mzee akasema paa litawaziba sauti, na wakabaki. Kijani walikuwa nyuma kidogo tu. Walianza kusogea, hatua kwa hatua, wakianguka na kuinuka, na Kengele naye akaanza kuongeza kasi, na mahali fulani katikati ya uwanja maneno ya jikoni yalimwishia. Hakugundua. Ulimi wake ulifunguka ukarudi kwao. Alikuwa wima juu ya benchi, kofia mkononi, akinadi: hao wanakuja, nani anazidisha, huyu kapewa, huyu kaongeza, mwenye bandeji kaongeza, nani ana zaidi, mistari hiyo hapo, mara ya kwanza, mara ya pili, kajirusha, kajirusha, mara ya tatu, imeuzwa! Na akapiga fimbo ya Mzee kwenye ubao kama nyundo.

Kijani walikuwa wamefunga bao la mwisho na uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele, kwa hiyo si wengi waliomsikia. Safu ya nyuma walimsikia. Yule mtu aliyeuliza kama anauza vyombo alimpiga begani kwa kiganja kilicholowa.

"Sijaelewa hata neno moja," Mzee alisema, mvua ikidondoka kwenye kofia yake. "Ulisema nini?"

Kengele alishuka chini akihema. "Nimeuza," alisema.

*

Weupe walioshindwa walikuwa wamejipanga safu mbili, wakiwapigia makofi kijani wapite katikati, kisha kijani wakafanya vivyo hivyo. Kengele alikuwa anamweleza Mzee jambo hilo, watu waliovunjana mbavu sasa wanafunguliana njia kama maharusi, alipoona viatu vyenye visigino vinakuja kwenye matope.

Daktari wa meno alikuwa bado na koti jeupe la kazini chini ya koti la mvua. Alimpita Kengele kama kiti. "Baba, umelowa. Twende nyumbani. Mechi imeisha, kijana anaoga, yuko sawa."

"Anaoga kwa bega moja?" Mzee aliuliza.

Daktari aligeuka. Kengele hakukielewa chote alichosema, kilikuwa kinakwenda kwa kasi mno, lakini "kitu kimoja" alikielewa kwa sababu kilirudiwa, na "mkeo" pia. Alisimama mikono nyuma kama lile jitu mbele ya refa. Akatafuta la kusema, akapata moja.

"Aliuliza," alisema.

"Na ndiyo maana nilikuomba! Moyo wake..."

"Moyo wangu uko hapa, umekaa kwenye mvua, na unapiga," Mzee alisema. Hakupandisha sauti. Alisema jambo refu kidogo, uso wake ukiwa umeelekea uwanjani, na katika jambo hilo Kengele aliokota maneno machache tu: mama yako, hospitali, yuko sawa, na maua. Mengine aliyasoma kwenye uso wa daktari. Aliona mwanamke yule alivyojikunja kidogo, kama aliyebonyezwa mahali panapouma. Ilikuwa wazi kwamba mama wa daktari aliwahi kulazwa, kwamba mzee aliambiwa kila siku kuwa yuko sawa, na kwamba maua yaliyonunuliwa ya kumpokea nyumbani yaliishia kaburini.

Mlangoni kwa Mzee, daktari alichukua blanketi lililolowa mikononi mwa Kengele. "Nitampigia mkeo," alisema polepole ili aelewe, na akafunga mlango.

*

"Kitu kimoja!" Mama Kasuku alisema. Alikuwa ameweka mguu juu ya stuli, akimenya vitunguu kwa hasira. "Umeambiwa vitu vinne. Blanketi limelowa. Paa hukulisogelea. Kofia, sijui. Basi hata hicho kimoja, mume wangu?"

"Kofia hakuvua."

"Usinichekeshe, nimekasirika." Aliweka kisu chini. "Unajua mimi nimemficha mangapi yule mzee? Nguo zilizoungua, sahani iliyovunjika. Kila kitu kiko sawa, Mzee, kila kitu kiko sawa. Ndivyo mtu anavyolinda kazi."

"Alinishika mkono, Mama Kasuku. Mkono wa baridi. Angekufa kwa asichokijua, si kwa bega."

Mkewe alimtazama kwa muda. Tangu wafike nchi hii hakuwa amemsikia akisema mfululizo namna ile. "Na ulimwelezaje?" aliuliza hatimaye, na ilikuwa dhahiri kwamba hakutaka kuuliza. "Kwa maneno gani, wewe?"

Akamwonyesha. Alipofika kwenye kabati linalogombezwa na kijiko, Kasuku alikuwa amejiviringisha sakafuni kwa kicheko, na Mama Kasuku alikuwa anajifuta machozi akisingizia vitunguu. Kisha wote wakakumbuka simu, wakanyamaza.

Simu haikulia jioni ile. Ililia Jumapili, wakiwa mezani. Kasuku aliinyakua kama kawaida yake, akasikiliza. "Ni yeye. Anamtaka baba." Akajiandaa kutafsiri, lakini Kengele alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Sema polepole," aliiambia simu. "Nasikia."

Mkewe alimwangalia akisema ndiyo, ndiyo, wapi, ndiyo. Alipokata, alibaki ameishika simu mkononi.

"Tumefukuzwa?"

"Anataka niende hospitali. Kijana amelazwa, bega limerudishwa. Mzee ana kikohozi, hawezi kutoka. Na hataki kuambiwa na binti yake hali ya mjukuu wake. Anasema aende yule wa sahani akamtazame."

"Na kazi?"

"Hakusema."

*

Kijana alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa kifuani, anakula biskuti kwa mkono mwingine. Mama yake alikuwa dirishani. Alimwitikia Kengele kwa kichwa bila tabasamu. Kengele alivua kofia, akauliza kwa ishara kama anaweza kusogea, kisha akakizunguka kitanda taratibu, mikono nyuma, akiinama hapa, akichungulia pale. Alimwomba kijana ageuze shingo. Alimwomba acheke, akahesabu meno kwa macho. Kijana alimtazama mama yake, na mama yake, kwa sababu ya meno labda, alimwacha aendelee.

Simu ikapigwa, ikawekwa mezani.

"Mzee," Kengele alisema. "Kasoro kwanza."

"Kwanza," sauti ilijibu, na kikohozi juu yake.

"Bega limefungwa. Kitambaa cheupe. Hawezi kuinua. Shavu lina rangi ya biringanya. Msimu umekwisha kwake, daktari wa hapa amesema. Huzuni anayo kidogo, lakini biskuti zinaisha. Shingo nzuri. Meno yote. Macho kama yako kwenye picha ya ukutani."

Kijana alikuwa ameacha kutafuna.

"Sawa," Mzee alisema. "Nimemwona. Sasa mpe binti yangu."

"Nakusikia, baba," daktari alisema kutoka dirishani. "Yuko sa..." Akasita.

"Na wewe nieleze."

"Baba, si umeshaelezwa?"

"Nimeelezwa na yeye. Wewe unaona nini?"

Daktari wa meno alisogea hadi kitandani. Alimtazama mwanawe, na Kengele, aliyewatazama watu wengi wakikagua mali, alijua kwamba mama huyu tangu jana hakuwa amemtazama hasa; alikuwa anamlinda kwa kutazama dirisha.

"Sikio la kulia lina mchubuko," alisema. "Ana tope nyuma ya sikio. Hawakumwosha vizuri." Aliushika mkono wa kijana. "Kucha moja imeng'oka. Anatetemeka kidogo, baba. Nilidhani ni mimi."

"Endelea," Mzee alisema.

Akaendelea. Na bila kugeuka, huku kidole chake kikilisugua lile tope taratibu, alimwambia Kengele kwamba mkewe arudi mguu ukipona, na kwamba hadi hapo aje yeye.

Kengele alikuwa anamsikiliza anavyotaja kasoro, moja baada ya nyingine, bado kwa woga, na alimwitikia kwa kichwa kwa mbali, kama alivyokuwa akifanya mnadani mgeni anapoinua mkono kwa mara ya kwanza.